Hodi bila nchi: Wapapua, Wakanak na kiti cha majirani

Najua nimeadimika, na mmoja wenu ameshaniuliza kama nimeoa kimyakimya bila kuwachangisha. Sijaoa. Nilikuwa na wasilisho la semina, na baada ya wasilisho nikapigwa swali ambalo limeninyima usingizi siku tatu. Leo naliandika hapa ili tukose usingizi wote.

Mada yangu ilikuwa Kamati ya Ukombozi ya OAU, ile iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963 mpaka 1994. Kwa Mtanzania hiyo ni mada ya kujidai, si mnajua. Nikaeleza kwamba chama cha wapigania uhuru kilikuwa kinabisha hodi kwanza kwa majirani. Majirani wakishakitambua, dunia nayo inalegea. Mwaka 1974 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaamua kwamba vyama vilivyotambuliwa na OAU vialikwe kama waangalizi. Yaani karatasi ya OAU ilikuwa ndo ufunguo wa New York. Nikamaliza, makofi yakapigwa, nikaanza kukusanya karatasi zangu kwa madaha.

Ndipo dada mmoja wa viti vya nyuma, ambaye muhula mzima sijamsikia akiongea, akanyoosha mkono. Akasema: "Kaka, sisi majirani zetu walikuwa upande wetu. Je, kama majirani wanamhitaji yule yule aliyekushika, unabisha hodi wapi?"

Nikajiumauma. Mwalimu akasema swali ni zuri, tutaliendeleza. Mnaijua maana ya "tutaliendeleza". Basi bwana, usiku ule nikaanza kuliendeleza mwenyewe, na nikajikuta niko mbali sana, katikati ya bahari ya Pasifiki, kwenye historia ambayo sikuwahi kuisoma popote, kumbe na sisi Waafrika tumo ndani yake mpaka shingoni.

Tuanze na ramani. Kuna kisiwa kinaitwa New Guinea, cha pili kwa ukubwa duniani baada ya Greenland. Kimekatwa katikati kwa mstari karibu ulionyooka, ile kazi ya rula tunayoijua. Upande wa mashariki ni Papua New Guinea, iliyopata uhuru kutoka Australia mwaka 1975. Upande wa magharibi ni sehemu ya Indonesia. Wenyeji wa pande zote mbili ni Wamelanesia, watu weusi wenye nywele za kipilipili, jamaa wa watu wa Visiwa vya Solomon, Vanuatu, Fiji na Kaledonia Mpya. Huu upande wa magharibi ndo wengi wa wanaharakati wake wanauita Papua Magharibi.

Sasa shikeni hapo. Mnaikumbuka Bandung? Ile tuliyokariri kidato cha sita: Aprili 1955, nchi 29 za Asia na Afrika, mshikamano dhidi ya ukoloni, maksi tano. Mwenyeji alikuwa Indonesia ya Sukarno. Kitu ambacho desa langu halikuniambia ni kwamba tamko la mwisho la Bandung liliunga mkono madai ya Indonesia juu ya Papua Magharibi, ambayo wakati huo bado ilikuwa chini ya Mholanzi. Hakukuwa na Mpapua mezani. Na hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo, kama kicheko kinaruhusiwa: mezani pale walikuwepo watu ambao hawakuwa na nchi huru bado. Sudan ilipata uhuru Januari 1956. Gold Coast, yaani Ghana, Machi 1957. Lakini mwaka 1955 walipewa viti. Kwa hiyo Bandung ilijua vizuri sana namna ya kumkaribisha asiye na dola. Ilichagua tu nani wa kumkaribisha.

Kabla hamjaanza kuitukana Indonesia, nisikilizeni kwanza, maana mimi nilianza hivyo hivyo halafu nikajishika. Hoja ya Jakarta ilikuwa nyepesi: koloni la Mholanzi lilikuwa moja, kwa hiyo nchi iliyozaliwa kutokana na koloni hilo nayo ni moja, na Mholanzi kubakiza kipande kimoja baada ya 1949 ni ujanja wa mkoloni. Hoja hiyo mmeshaisikia wapi? Cairo, Julai 1964, OAU ilipoamua kuheshimu mipaka tuliyorithi kwa wakoloni, na aliyeliwasilisha azimio lile ni Mwalimu Nyerere. Yaani Indonesia ilikuwa inaongea lugha yetu. Ndo maana suala hili limewachanganya Waafrika tangu mwanzo. Kanuni mbili tunazozipenda, mipaka isiguswe na kila watu wajiamulie, zimegongana uso kwa uso kwenye kisiwa kimoja.

Mholanzi naye, alipoona mambo yanakuwa magumu, akaanza kuwaandaa Wapapua haraka haraka. Aprili 1961 likazinduliwa baraza la wawakilishi. Tarehe 1 Desemba 1961 bendera yao, Nyota ya Asubuhi, ikapandishwa pembeni ya ile ya Uholanzi. Siku chache kabla, Umoja wa Mataifa, kundi la nchi za Afrika zilizotawaliwa na Ufaransa, lililoitwa kundi la Brazzaville, lilipeleka azimio la kutaka Wapapua wajiamulie wenyewe. Kura zikawa 53 za ndiyo, 41 za hapana, 9 hazikuegemea upande. Wengi walikubali! Lakini ilihitajika theluthi mbili, ikashindikana.

Baada ya hapo vita baridi vikaingia chumbani. Marekani ya Kennedy iliogopa Indonesia isije ikaangukia mikononi mwa Moscow, ikamsukuma Mholanzi. Tarehe 15 Agosti 1962 ukasainiwa Mkataba wa New York. Waliosaini ni Uholanzi na Indonesia. Mpapua hakusaini. Umoja wa Mataifa ukakaa pale kama mwangalizi wa nyumba tangu Oktoba 1962, na Mei 1963 ukakabidhi funguo kwa Indonesia, kwa ahadi kwamba kabla ya mwisho wa 1969 wenyeji wataulizwa wanataka nini, na kila mtu mzima atashiriki kwa taratibu za kimataifa.

Kuulizwa kwenyewe kulifanyika Julai na Agosti 1969. Watu walikuwa kama laki nane. Walioulizwa walikuwa kama 1,025, waliochaguliwa chini ya usimamizi wa serikali yenyewe, na hawakupiga kura ya siri, walisimama hadharani mbele ya maafisa na wanajeshi. Wote, bila hata mmoja kukohoa, wakachagua kubaki Indonesia. Nani amewahi kuona uchaguzi wa darasa tu, wa kumchagua CR, ukiisha bila mpinzani hata mmoja? (Na wakati huo, miaka miwili nyuma, kampuni ya Kimarekani ya Freeport ilikuwa imeshasaini mkataba na Jakarta wa kuchimba madini milimani kule. Nawaachia.)

Matokeo yakapelekwa Baraza Kuu Novemba 1969. Ndipo Ghana, yule yule aliyepewa kiti Bandung akiwa hana nchi, akasimama na marekebisho: Wapapua wapewe nafasi nyingine ya kujiamulia kabla ya mwisho wa 1975. Kura: 15 za ndiyo, 60 za hapana, 39 hazikuegemea upande. Yakaanguka. Halafu azimio lenyewe, namba 2504, likapita kwa kura 84, hakuna aliyepinga, na 30 hazikuegemea upande, nyingi zikiwa za Afrika. Nilipofika hapo nilisimama nikaenda kunywa maji. Siyo kwamba tulisema hapana, hatukusema. Lakini angalau kuna walioshindwa kusema ndiyo.

Katikati ya miaka ya 1970 Senegal ya Rais Senghor ikawaruhusu wapigania uhuru wa Papua wawe na ofisi Dakar. Na huko ni Afrika Magharibi, fikiria umbali wake! Wapapua walikuwa wanabisha hodi bara jingine kabisa, kwa sababu mitaani kwao hapakuwa na mlango. Majirani wenyewe wengi walikuwa bado makoloni.

Sasa hapa tuwaache Wapapua kwanza, twende kusini-mashariki kidogo, Kaledonia Mpya. Nawapeleka huko kwa sababu bila hiyo hamtaelewa Wapapua walichokuwa wanakitafuta baadaye.

Kaledonia Mpya ilichukuliwa na Ufaransa mwaka 1853. Wenyeji ni Wakanak, nao ni Wamelanesia. Baada ya kuletewa wafungwa, walowezi na vibarua wa migodi ya nikeli, Wakanak wakawa si wengi tena nyumbani kwao. Sensa ya 2019 iliwaweka kwenye asilimia 41 hivi. Mwaka 1984 vyama vyao vinavyodai uhuru vikaungana, kikazaliwa chombo kinachoitwa FLNKS. Wakabisha hodi kwa majirani, na mara hii majirani walikuwepo, kwa sababu kati ya 1970 na 1980 Fiji, Papua New Guinea, Visiwa vya Solomon na Vanuatu zilikuwa zimepata uhuru wake.

Na majirani wakaitika karibu. Agosti 1986 Jukwaa la nchi za Pasifiki ya Kusini, lililokutana Suva, likaamua kuisukuma Kaledonia Mpya irudishwe kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya maeneo yasiyojitawala, orodha ambayo Ufaransa ilikuwa imeiondolea mbali tangu miaka ya 1940. Tarehe 2 Desemba 1986 Baraza Kuu likapiga kura: 89 kwa 24, na 34 zisizoegemea upande. Visiwa vidogo, vingine vina watu wachache kuliko wilaya moja ya kwetu, vikamshinda Mfaransa New York.

Mwaka huo huo wa 1986 viongozi wa nchi tatu za Kimelanesia, Papua New Guinea, Solomon na Vanuatu, walikutana mji wa Goroka wakaona Jukwaa kubwa linakwenda polepole mno. Wakaanzisha kundi lao, Melanesian Spearhead Group, jina lenye maana ya ncha ya mkuki wa Melanesia. Kwa kifupi MSG. Wakasaini misingi yake Port Vila, Machi 1988. Na mwaka 1989 wakafanya jambo ambalo mimi kama mwanafunzi wa mambo haya nililisoma mara mbili mbili: walimpokea FLNKS kama mwanachama. Siyo serikali ya Kaledonia Mpya. Siyo Ufaransa. Chama cha wapigania uhuru kikakaa meza moja na mawaziri wakuu, kwa haki sawa. Fiji yenyewe ilijiunga baadaye, 1996. Na kiti kile hakikuwa cha maonyesho, maana mwaka 2013 zamu ilipofika, FLNKS ndo waliokuwa mwenyekiti wa MSG, na mkutano ukafanyikia Nouméa, kwenye ardhi inayotawaliwa na Paris. Sisi Kamati yetu ya Ukombozi ilivipa vyama hela, silaha na ofisi. Sijaona mahali ilipokipa chama chochote uenyekiti wa OAU.

Mkanielewa sasa kwa nini Wapapua walikitolea macho kiti kile? Walikuwa na ushahidi kwamba inawezekana.

Rafiki yao mkubwa alikuwa Vanuatu. Waziri mkuu wake wa kwanza, Father Walter Lini, padri wa Kianglikana, alikuwa na msimamo kwamba Vanuatu haitakuwa huru kamili mpaka Wamelanesia wote wawe huru. Mtasema hilo tumelisikia kwa Nkrumah, na ni kweli, ni maneno ya ukoo mmoja. Kule wana neno lao, wantok, maana yake mtu unayeongea naye lugha moja, lakini linabeba zaidi ya lugha. Ni kama sisi tunavyosema "ndugu yangu wa nyumbani", ambaye akija mjini hajui pa kulala, huwezi kumwambia subiri nicheki ratiba. Mwaka 2000 Vanuatu na Nauru zililiongelea suala la Papua kwenye mkutano mkuu wa milenia wa Umoja wa Mataifa, na Jukwaa la Pasifiki likalitaja kwenye tamko lake mwaka ule ule.

Mwaka 2013 maombi rasmi ya Wapapua yakafika mbele ya viongozi wa MSG, pale pale Nouméa, mwenyekiti akiwa FLNKS. Jamani, ni kama umekwenda kuomba chumba na mwenye nyumba ni mwenzako mliyesota naye. Lakini MSG inaamua kwa maafikiano ya wote, siyo kwa kura nyingi. Wakaambiwa subirini, tutatuma mawaziri wa mambo ya nje Indonesia wakaone. Ujumbe ukaenda Januari 2014, Vanuatu ikagoma kushiriki. Juni 2014 jibu likatoka: rudini mkaungane kwanza, ninyi ni wengi mno, hatujui tuongee na nani.

Hilo jibu nalo lilinichoma, kwa sababu ndilo tulilokuwa tunawapa wenzetu. OAU iliutambua upande mmoja wa wapigania uhuru wa Angola mwaka 1963, ikaunyang'anya utambuzi 1971, na miaka yote hiyo wimbo ulikuwa mmoja, unganeni. Ni ushauri mzuri. Ila pia ni njia nzuri ya kuahirisha.

Wapapua wakaungana kweli. Desemba 2014, Port Vila, makundi matatu makubwa yakaunda chombo kimoja, ULMWP. Februari 2015 wakaomba upya. Tarehe 26 Juni 2015, Honiara, MSG ikatoa uamuzi, na hapa naomba msome taratibu.

Kwanza, ULMWP wakapewa hadhi ya mwangalizi, kama wawakilishi wa Wapapua wanaoishi nje ya nchi.

Pili, siku hiyo hiyo, Indonesia, ambayo ilikuwa mwangalizi tangu 2011, ikapandishwa kuwa mwanachama mshiriki, ngazi ya juu kuliko mwangalizi, ikiwakilisha mikoa yake mitano yenye Wamelanesia, ikiwemo ya Papua yenyewe. Jakarta ilidai ina Wamelanesia kama milioni 11, yaani zaidi ya nchi zote za MSG zikijumlishwa.

Mmeona kilichofanyika? Aliyebisha hodi amefunguliwa, amekaribishwa, ameonyeshwa kiti cha pembeni. Anakaa anageuka, anamkuta yule anayemshitaki ameshakaa kiti cha mbele zaidi, na amepewa kazi ya kusema kwa niaba ya mama yake, dada zake na wote aliowaacha nyumbani. Yeye anaruhusiwa kuwasemea walioko uhamishoni tu.

Hata hivyo siku ile watu walisherehekea, na sidhani kama walikosea. Kwa mara ya kwanza Wapapua walikuwa na jina lao kwenye mlango wa chombo cha kiserikali cha kanda yao. Kutoka sifuri mpaka moja ni mbali kuliko kutoka moja mpaka mbili. Ila mbili haikuja. Walipoomba uanachama kamili, Julai 2016 wakaahirishwa. Mwisho wa 2016 ikaahirishwa tena. 2018 faili likapelekwa sekretarieti likashughulikiwe. Agosti 2023, viongozi wakakutana Port Vila, mji wa rafiki yao kuliko wote, na wakatangaza hakuna maafikiano, ULMWP haikidhi vigezo vilivyopo. Miaka kumi tangu maombi yale ya Nouméa.

Sasa narudi kwa yule dada. Kwa nini Wakanak walifunguliwa haraka na Wapapua wakazungushwa? Haki yao haipishani kwa namna ambayo ingeeleza tofauti hiyo. Wakanak waliletewa kura, japo iligombaniwa. Wapapua waliletewa watu 1,025. Kama ni kupima nani ana sababu zaidi ya kusikilizwa, unaweza ukabishana mpaka asubuhi.

Tofauti naiona kwa aliyewashika. Paris iko upande wa pili wa dunia. Ukiikasirisha utapoteza msaada fulani, utanuniwa kwenye mikutano, basi. Na kwenye miaka ile Ufaransa ilikuwa inajaribu mabomu ya nyuklia Moruroa, hakuna mtu Pasifiki aliyekuwa na hamu ya kuipendezesha. Indonesia ni jirani. Papua New Guinea inapakana nayo kwa mpaka wa nchi kavu wa zaidi ya kilomita 700. Mwaka 1984 wakimbizi zaidi ya 10,000 walivuka mpaka ule kuingia Papua New Guinea, na miaka miwili tu baadaye, 1986, nchi hizo mbili zikasaini mkataba wa kuheshimiana na urafiki. Ukisoma bila kujua jiografia utaita usaliti. Ukiangalia ramani unaona nchi changa yenye jeshi dogo inalala mlango kwa mlango na taifa la watu zaidi ya milioni 200. Fiji nayo, baada ya mapinduzi ya 2006 na kusimamishwa kwenye Jukwaa 2009, ilikuwa inatafuta marafiki wapya, na Indonesia ilikuwa na mikono mikunjufu. Vanuatu peke yake, yenye watu laki tatu hivi, ilibaki inasukuma gari, na hata yenyewe serikali zake zilibadilika kama kinyonga.

Hapo ndipo nikaielewa Kamati yetu vizuri zaidi kuliko nilivyoieleza siku ya wasilisho. Sitaki kuwadharau wazee. Tanzania ililipa, na mpaka wa Ruvuma unajua. Lakini Mreno na Kaburu hawakuwa wanachama wa OAU. Hakuna aliyewapa uanachama mshiriki kwa hoja kwamba Waafrika wengi wanaishi chini yao. Fikirini Lisbon ingepewa kiti Addis Ababa iiwakilishe Msumbiji, halafu FRELIMO wakaambiwa wawasemee Wamakonde walioko Dar. Tungecheka. Melanesia hawakucheka, walisaini.

Na tulipoletewa sisi kesi za namna hiyo, ambapo anayeshitakiwa ni mwenzetu wa meza moja, tulifanyaje? Eritrea ilipigana na Ethiopia miaka 30, na makao makuu ya OAU yalikuwa Addis Ababa. Sina haja ya kumalizia.

Je, kiti chenyewe kina faida? Maana kuna mwenzangu wa chumba aliniambia, "Mzee, hao Wakanak wana kiti tangu 1989, wamepata nchi?" Swali halali. Hawajapata. Walipata mkataba wa Matignon 1988, baada ya damu ya Ouvéa, ambako Wakanak 19 waliuawa. Wakampoteza kiongozi wao Jean-Marie Tjibaou kwa risasi, Mei 1989. Wakapata mkataba wa Nouméa 1998 na ahadi ya kura tatu. Mwaka 2018 upande wa kubaki Ufaransa ulipata asilimia 56.7. Mwaka 2020 ukashuka mpaka 53.3. Desemba 2021 Wakanak waliomba kura isogezwe kwa sababu ya msiba wa korona, wakakataliwa, wakagomea, na kura ikatoka asilimia 96.5 huku waliojitokeza wakiwa chini ya nusu. Mei 2024 mji wa Nouméa ukawaka moto kwa sababu ya mpango wa kupanua orodha ya wapiga kura. Kiti cha majirani hakikuyazuia yote hayo.

Lakini angalia upande wa pili. Kwa kuwa eneo lao limo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa, suala la Wakanak linajadiliwa kila mwaka, waitake Paris wasiitake. Wana mahali pa kusema, na kuna kitabu kinachoandika kwamba wamesema. Nyerere mwaka 1955 alikwenda New York kuisemea TANU kwa sababu Tanganyika ilikuwa eneo la udhamini, mlango ulikuwepo. Papua Magharibi iliondolewa kwenye ile orodha mwaka 1963. Hawana mlango. Januari 2019 kiongozi wao Benny Wenda aliingia Geneva kumkabidhi Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu ombi lenye sahihi milioni 1.8, na aliingia akiwa ndani ya ujumbe wa Vanuatu. Yaani alipita kwa mlango wa jirani, kama mtoto anayeingia ukumbini kwa kushika khanga ya shangazi. Agosti mwaka ule Jukwaa la Pasifiki, lililokutana Tuvalu, likataka Kamishna afike Papua. Mpaka mwaka 2024 unaisha alikuwa hajafika.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule dada, ambalo nitampelekea mwenyewe kabla ya semina ijayo, ni hili. Majirani wakimhitaji aliyekushika, unabisha hodi pale pale, kwa sababu hakuna pengine. Unapewa kiti kidogo, unakikalia. Unamtafuta jirani mmoja asiye na cha kupoteza, awe mdogo kiasi gani, unapita kwa mlango wake. Na unakaa ukijua kwamba karibu ya majirani haipimi haki yako, inapima wanachoogopa. Wenzetu wa Msumbiji na Zimbabwe walikuwa na haki, lakini pia walikuwa na bahati ya kuwa na majirani ambao hawakuwa na sababu ya kumpenda mkoloni wao. Sisi kwenye wasilisho langu tuliihesabu hiyo bahati kama wema wetu. Wema ulikuwepo. Bahati nayo ilikuwepo, na mimi nilisahau kuitaja.

Ghana ya 1969 sijui niiweke wapi kwenye hesabu hiyo. Haikuwa jirani wa mtu, haikuwa na faida yoyote kule, ilijua itashindwa, ikapeleka marekebisho hivyo hivyo, ikapata kura 15. Nimeibandika ile namba ukutani juu ya kitanda, karibu na ratiba ya mitihani. Kumi na tano.

Haya, nimechoka na kesho nina kipindi saa moja asubuhi. Wanaobisha waje na hoja, siyo matusi. Na yule dada kama unasoma hapa, samahani kwa kujiumauma siku ile.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.